Meno Yangu, Jiwe la Mama

Huku Bariadi watu wananijua kwa magari na kwa nyumba yangu ya Somanda. Wakitaka kunisifu husifia hivyo, na mimi siwakatazi, maana sikurithi hata shilingi. Lakini kuna jambo ambalo hata wanangu sijawahi kuwasimulia lote. Kulikuwa na msimu mmoja wa pamba ambao mama yangu mzazi nusura auawe, na kilichotaka kumwua ni meno yangu mimi.

Nimeishia darasa la tatu. Baba alikufa mapema, akatuacha na mbuzi wanne na kipande cha shamba karibu na Dutwa. Nilianza kwa kubebea watu pamba kwa baiskeli, gunia moja nyuma, mimi nimesimama kwenye pedeli. Serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba, ikawa si ushirika peke yake tena, wenye vyeti walikuwa bado wanalisoma tangazo, mimi nimeshanunua mizani. Nilikwenda kwa mwenye kiwanda cha kuchambua pamba nikamwambia, nipe mtaji, nitakuletea pamba mpaka useme basi. Alinitazama viatu. Nikamwambia usitazame viatu, tazama mikono. Baada ya misimu mitatu nilikuwa na Fuso, ghala, na nyumba ya tofali za kuchoma yenye bati jipya. Hakuna aliyenishika mkono. Nilijishika mwenyewe.

Mama nilimjengea chumba chake cha tofali nyuma ya chumba changu cha kulala. Dirisha lake na langu yalitazamana, katikati ni kichochoro cha kupita kuku. Nilimletea mkaa akaurundika kwenye kona, akasema ni wa wageni. Yeye alipikia mavi ya ng'ombe makavu, kama alivyopikia tangu ujana wake, maana kuni huku kwetu ni za kutafuta. Moshi wake ulimfanya macho yawe mekundu. Na alikuwa na jiwe lake la kusagia. Mashine ya unga ilikuwa hatua mia moja kutoka mlangoni, na bado mara moja moja alipiga magoti kwenye jiwe akasaga mtama wake, akisema unga wa mashine unanuka dizeli.

Bibi kizee, macho mekundu, mtoto wake ametajirika ghafla. Mtu wa Usukumani hahitaji nimalizie kwamba huyo huitwa mchawi.

Basi, meno. Ule msimu wanunuzi tulikuwa wengi kama nzi. Kijiji kimoja mizani nne. Mkulima anakuja na tela lake la ng'ombe, kila mnunuzi anamvuta mkono, na mwingine ameinyunyizia pamba maji usiku ili iwe nzito, mwingine ameweka mchanga katikati. Ukikosea kupima umeumia wewe. Nilishinda pale kwenye mizani kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, nimekaza taya kama mtu anayebeba injini. Sikujua kwamba hata nikilala siachii.

Mke wangu ndiye aliyeniambia. "Baba, unasaga meno."

"Nani?"

"Wewe. Kila siku. Nilidhani panya wanakula mlango."

Nikamwambia anaota. Lakini asubuhi nilikuwa naamka taya zimekaza, masikio yanauma, na kichwa kama kimefungwa kamba. Kisha siku moja nilikuwa natafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nikasikia kitu kimevunjika mdomoni. Nikadhani ni jiwe. Nilipotema mkononi ni kipande cha gego langu. Wiki iliyofuata, nikiwa kwenye mizani, nikafungua mdomo kumkemea mtu aliyekuwa ameweka mguu wake juu ya sahani ya mizani, na mdomo ukagoma. Ulifunguka upana wa kidole, ukasimama. Watu wakaona tajiri anatoa sauti kama ndama. Biashara yangu yote ilikuwa mdomo. Nikaingia ghalani, nikajikanda taya kwa ngumi mpaka ikaachia.

Mimi ni mtu wa kujitengenezea. Nilikata mpira wa ndani wa baiskeli, nikaukunja mara mbili, nikalala nimeuuma. Mke wangu akasema nanuka kama gereji. Siku ya tatu niliamka nimeumeza nusu, natapika. Nikajaribu ngozi ya ng'ombe, ikalainika, ikawa kama natafuna kiatu. Hapo nikapanda Fuso na shehena ya pamba mpaka kiwandani, na kutoka huko nikadandia basi kwenda Mwanza kumtafuta daktari wa meno.

Daktari alikuwa kijana kuliko mimi, ana mikono safi kupita kiasi. Akaniangalia mdomoni kwa kioo kidogo.

"Unasaga tangu lini?"

"Mimi sisagi. Mke wangu ndiye anayesema."

"Meno yako na yenyewe yanasema hivyo hivyo, mzee."

Akajaza kitu kama ugali wa rangi ya waridi kwenye kijiko cha bati chenye umbo la kwato, akanisukumia mdomoni, akasema uma, usitikisike, pumua kwa pua. Nilidhani nakufa. Alipokitoa, meno yangu yalikuwa yamejichapa mle ndani. Akamimina plasta, akaniambia nirudi kesho kutwa. Niliporudi akanipa meno yangu mkononi, meupe, ya plasta.

Sasa, huku kwetu umri wa ng'ombe unausoma mdomoni. Nimesimama kwenye minada mpaka ya Mwanhuzi, nikafungua midomo ya madume mbele ya wenyewe, nikawaambia huyu umri wake umekwisha, usinidanganye. Sikuwahi kukosea. Nilipoyashika yale meno ya plasta nikayasoma vile vile. Yalikuwa bapa, yameliwa mpaka karibu na fizi. Ningemkuta ng'ombe ana meno kama yale ningesema huyu ni wa bucha. Na mimi nilikuwa na miaka thelathini na kidogo.

Daktari akachukua kitu kigumu, chembamba, kinapitisha mwanga kama chupa, akakipachika kwenye meno yangu ya juu. Kikaingia, tap, kama mfuniko wa chombo chake.

"Hii ni kinga ya meno," akasema. "Imetengenezwa kwa mdomo wako tu. Lala nayo kila siku. Utaisaga hii badala ya meno."

"Na kusaga kutaisha?"

"Kusaga kunatokana na mawazo. Mawazo sina dawa yake. Ila kelele itaisha, na meno yaliyobaki yatapona."

Nikarudi Dutwa natembea kama nimenunua gari la pili. Na kweli kelele iliisha. Mke wangu akalala, mimi nikalala, taya zikaanza kulegea. Nikajisemea, umeona, hakuna kinachonishinda.

Wiki ile ile niliyorudi, mtoto wa jirani alikufa kwa homa. Mtoto mdogo, hata miaka miwili hajafika. Nilitoa Fuso ibebe watu, nilitoa ng'ombe wa msiba. Nilichimba kaburi kwa mikono yangu.

Siku kumi baada ya msiba, asubuhi, akaja mtemi wa sungusungu na wazee wawili. Kwa asiyejua, sungusungu ni jeshi letu la jadi la kulinda mifugo na kijiji, na mtemi ndiye mkubwa wao. Wakati ule neno lake lilitangulia la polisi. Nikamwekea kiti, hakukaa.

"Mwangaluka, tajiri."

"Mwangaluka, baba. Karibuni."

"Hatukai. Mama yako tulimwita jana ulipokuwa kiwandani."

"Kwa jambo gani?"

Akaelekeza fimbo kwenye uwanja wa ghala. Wakulima wanaotoka mbali hulala pale juu ya pamba yao wakisubiri zamu ya kupima. "Wale wanaolala kwako wamesikia mtu anasaga usiku. Msimu mzima. Sauti inatoka huku nyuma kwako. Tumemwuliza mama yako, amekubali."

"Amekubali nini?"

"Kwamba ni yeye. Anasema hana usingizi, anasaga mtama."

Nilicheka. Kwa kweli nilicheka, kwa sababu nilikuwa naijua hiyo sauti ni ya nani. Mtemi hakucheka.

"Na jiwe limenyamaza," akasema. "Limenyamaza wiki ile ile tuliyozika mtoto wa jirani yako. Mtu anasaga dawa, mtoto anakufa, jiwe linanyamaza kwa sababu kazi imekwisha. Wewe ungekuwa mimi ungefikiri nini?"

Nikahesabu siku kichwani. Wiki ile ile. Ni kinga yangu ndiyo iliyonyamazisha. Niliweka kile kiplastiki mdomoni, na kwa watu wote wa kijiji nikawa nimetia muhuri kwenye hatia ya mama yangu.

Nikasema, "Ni mimi. Ni meno yangu. Nasaga meno nikilala."

Mmoja wa wale wazee akanipiga begani kwa upole, kama unavyompiga mtoto. "Mtoto mzuri humkinga mama yake. Ukayaseme hayo mkutanoni."

Nilimkuta mama anapepeta choroko. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mayu, kwa nini uliwaambia ni wewe?"

Hakuinua uso. "Ulitaka niseme ni nani?"

"Ulijua kwamba ni mimi?"

"Unasaga tangu ulipoota meno mawili ya chini. Nitakosa kukujua?"

"Basi si ungesema!"

Sasa akainua uso na yale macho. "Mtu mwenye mali kama yako, kila mtu anauliza kaipata wapi. Akisikika anatafuna usiku, watasema anatafuna nini? Sema mwenyewe." Huku kwetu wanasema tajiri mchawi hutafuna watu usingizini. "Wewe una watoto wadogo," akasema. "Mimi macho yangu wameshayahesabu zamani."

Nikamwambia aingie kwenye gari, nimpeleke Mwanza, nimpangie nyumba. Akatikisa kichwa. "Nimewaambia nasaga mtama. Sijawaambia naroga. Nikitoroka ndiyo nitakuwa nimewaambia." Akaendelea na choroko zake.

Mimi niliyeshinda wanunuzi watatu mizani kwa mizani, nikakaa kwenye vumbi pale mlangoni kwa mama, sijui pa kushika.

Mkutano uliwekwa kwenye uwanja wa ghala langu, maana ndipo penye nafasi. Walikuja mpaka watu wa vijiji vya jirani. Mama aliwekwa kwenye kigoda chake mbele, peke yake. Ile nafasi waliyoiacha kumzunguka, hakuna aliyekuwa amewaambia waiache. Waliiacha tu.

Nikazungumza. Najua kuzungumza, ndiyo kazi yangu. Nikaeleza meno, taya, daktari. Mke wangu akasimama akasema ni kweli, yeye ndiye analala na mimi. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Mke wa tajiri atasema nini? Aseme arudi kwao?" Wakacheka. Nikatoa kinga mfukoni, nikaiinua juu.

"Hii hapa! Hii ndiyo iliyonyamazisha sauti. Siyo jiwe!"

Ikapita mkono kwa mkono. Wazee waliigeuza geuza juani. Mzee mmoja akasema ni kucha ya mnyama wa majini. Jamaa mmoja mwenye meno makubwa, mpanda baiskeli kama nilivyokuwa mimi, akajaribu kuivaa, ikamkwama. "Tajiri," akasema huku anaipangusa kwenye shati, "mdomo wako mdogo. Kumbe maneno yote yale yanatokea wapi?" Uwanja mzima ukacheka. Nikatamani kumpiga, lakini nikacheka na mimi, kwa sababu mama alikuwa pale kwenye kigoda.

Mtemi akanirudishia. "Plastiki hatuijui. Hela inaweza kutengeneza plastiki yoyote. Sisi tulisikia sauti. Tusikilizishe."

"Njooni usiku msikilize."

"Usiku wenye giza? Tutajua vipi ni wewe siyo yeye nyuma ya ukuta? Hapana. Utalala hapa, mchana, na mama yako atakaa pale, tunamwona mikono yake. Ukisaga, tutasikia."

Nikapanda juu ya rundo la pamba, nikalala chali mbele ya watu ambao nilikuwa nikiwapimia pamba yao na kuwanyooshea kidole. Pamba kwa usingizi haina mwenziwe, mtu yeyote aliyewahi kulala juu ya pamba anajua. Lakini jua lilinichoma kope. Nzi walinitembelea midomoni. Nilisikia kila kikohozi. Nilisikia mtoto anamwuliza mama yake kama nimekufa. Kadiri nilivyoutafuta usingizi, ndivyo moyo ulivyopiga kelele. Jua likahama. Nikajaribu kusaga kwa makusudi, mtemi akasema mara moja, "Hiyo unatuigizia. Tunaijua yenyewe." Na kweli haikufanana, hata mimi niliona. Mtu aliye macho hawezi kusaga hivyo, meno yanajionea huruma.

"Zimekuwa nyingi hela zako," akasema mtu, "hata usingizi hauna pa kuingilia."

Mtemi akasimama. "Kesho kutwa, saa hii hii. Ikishindikana, mama huyu anatengwa."

Kutengwa maana yake hakuna anayekusalimia, hakuna anayekupa moto wala maji, hakuna anayekaa karibu na mlango wako. Na mkishajua kwamba mtu hana wa kumlilia, siku moja kijana fulani anakuja na panga, na asubuhi hakuna aliyesikia kitu. Nilikuwa nimeshaona hivyo mara mbili katika maisha yangu. Mara zote mbili walikuwa wanawake niliowaita mayu.

Nikaamua sitalala mpaka siku ile. Si usiku, si mchana. Nilibeba pamba na vibarua, magunia kwa mgongo, mimi niliyekuwa nimeshasahau mzigo. Nilitembea Dutwa mpaka Bariadi mjini na kurudi bila shughuli yoyote, mabasi yakanipita, watu wanachungulia dirishani kuona tajiri anatembea kwa miguu. Nilipokaa, mke wangu alinimwagia maji. Nilipoegemea ukuta alinifinya. Taya ziliniuma mpaka nikaona nuru pembeni mwa macho. Kinga ilikuwa mfukoni, na mkono wangu uliikumbuka kila baada ya muda, kama mvutaji anavyoikumbuka sigara. Sikuivaa. Nilisali rozari nikasahau katikati, nikaanza upya. Nikawaahidi na wahenga wa baba dume jekundu, sikumwambia padri. Mtu akizama haulizi kamba ni ya nani.

Hofu yangu haikuwa tu kukosa usingizi. Niliogopa nitalala vizuri. Hebu fikirini. Maisha yangu yote mwili huu nilikuwa nauambia ufanye hivi, unafanya. Sasa nilikuwa nauomba unifanyie ugonjwa wangu, na sikujua kama utanisikia.

Siku yenyewe watu walizidi. Mama alikaa kwenye kigoda, amevaa khanga zake nzuri, viganja viwili wazi mapajani kama alivyoagizwa. Nilipopita karibu yake akasema kwa sauti ya chini, kwa Kisukuma, kwamba nisiwe na haraka. Nikapanda kwenye pamba. Ninachokumbuka ni vumbi jeupe linaelea, na mtu anasema, "Ameshaanza kujifanya."

Basi. Kuanzia hapo sina la kusimulia, kwa sababu mimi ndiye mtu pekee uwanjani ambaye hakusikia. Nimeijua mikataba, nimewajua mawaziri, na ile sauti iliyobadilisha maisha yangu sijawahi kuisikia mpaka leo. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba nilikaa kimya muda mrefu, watu wakaanza kunyanyuka, kisha taya ikatembea mara moja, ikasimama, ikatembea tena. Halafu ikaanza yenyewe. Alisema mbwa wa ghalani alisimama akaondoka.

Niliamshwa na maumivu. Kitu kimevunjika mdomoni, damu ina ladha ya chuma. Nikafumbua macho. Nilimtazama mama kwanza. Viganja vyake vilikuwa pale pale, wazi, mapajani.

Mtemi alitema mate chini. "Tumesikia. Ndiyo yenyewe." Akamgeukia mama. "Mama, tumekukosea. Simama, nenda kwako."

Mama hakusimama. Nami nikaelewa kwa nini, kwa sababu kijana mmoja wa nyuma alikuwa ameshapaza sauti: "Kwa hiyo ni yeye! Yeye ndiye anayetafuna!"

Maneno yale yakapita kwenye umati kama upepo kwenye mtama. Niliona watu wanarudi nyuma, hatua moja, ile nafasi iliyokuwa kwa mama sasa inajichora kunizunguka mimi. Nikafungua mdomo. Taya ikagoma. Siku ile kuliko zote.

Ni mama aliyesema. Alikuwa hajatamka neno mikutano yote miwili.

"Atafune nini huyu?" akasema, kama mtu aliyechoshwa na upuuzi. "Ana minyoo."

Akawageukia wanawake. "Tangu anatambaa ana minyoo. Tumbo lilikuwa hivi, miguu kama njiti. Nilimnywesha kila dawa. Nani hapa hajawahi kuwa na mtoto anayesaga meno kwa minyoo? Nyie kina mama, ni uongo?"

Mwanamke mmoja akasema, "Ni kweli, wa kwangu alikuwa anasaga hivyo hivyo." Mwingine akacheka. "Tajiri na Fuso lake, kumbe analisha minyoo!" Kicheko kikaanza kwa wanawake, kikaenda kwa wanaume, kikafika nyuma. Watu wanaocheka hawarudi nyuma. Wanasogea karibu wakuone vizuri.

Mtemi akainua fimbo. "Tajiri. Ni kweli una minyoo?"

Daktari alikuwa ameniambia kwa mdomo wake kwamba ni mawazo. Nilikuwa na karatasi aliyoniandikia hivyo mfukoni. Nilikuwa na jina nililolijenga gunia kwa gunia, na wanunuzi wenzangu watatu walikuwa wamesimama pale wanasubiri jibu, wanaume ambao sijawahi kuwaachia hata kilo moja. Nilimtazama mama. Alinitazama kama alivyonitazama nikiwa mdogo nakataa kunywa kitu kichungu.

Nikaishika taya kwa mkono nikaifungua. "Ninayo."

"Hatujasikia."

"Nina minyoo!"

Walipiga makofi. Bibi mmoja akakimbia kwake akarudi na dawa ya mizizi kwenye kibuyu, nyeusi, wakataka niinywe pale pale. Nikainywa yote. Iliingia kwenye lile gego lililopasuka, nikaona giza mchana. Mama akasimama, akachukua kigoda chake mwenyewe, akakataa nisimbebee, tukaenda nyumbani.

Mlangoni akaniuliza, "Ile plastiki yako iko wapi?"

"Ninayo."

"Ivae, upumzike. Taya imevimba."

"Nikivaa kutakuwa kimya tena, mayu. Watauliza tena ni nani aliyekuwa anasaga."

Aliingia ndani akanipikia uji, akausaga mwenyewe mtama wake, mchana kweupe, mlango umefunguliwa wazi ili kila anayepita aone.

Sikuivaa kinga mpaka pamba ya mwisho ilipoondoka na wakulima wote wakarudi kwao. Miezi miwili na nusu. Usiku wakulima waliolala uwanjani walinisikia, wakaambiana, "Sikiliza minyoo ya tajiri," wakacheka, wakalala. Waliniita Bwana Minyoo mbele yangu, kwenye mizani yangu, na wengine walipeleka pamba yao kwa wenzangu kwa kuniona si mtu wa maana. Magego matatu yalikwenda msimu ule, na upande wa kushoto situmii kutafunia mpaka leo. Nilipofunga ghala nikaenda kuitoa kinga kwenye sanduku, nikajaribu kuipachika. Ilikataa kuingia. Ilikuwa imetengenezwa kwa mdomo wangu, na mdomo ule haukuwepo tena.

Mama alikufa kwa uzee misimu saba baadaye, kitandani kwake, dirisha lake limefunguliwa upande wa langu.